Wanyama Kizimbani: Shinyanga na Vita vya Mbung'o

Ndugu msomaji, huko Ulaya na Marekani kuna ugomvi usiokwisha. Mbwa mwitu wa kule, yule wa nchi za baridi tunayemkuta kwenye hadithi za watoto akila kondoo, awindwe ili idadi yake ipungue, au aachwe? Mfugaji anasema kondoo wangu wanaliwa. Mkazi wa mjini anasema mwacheni mnyama aishi. Mtaalamu anakuja na kalamu yake, anataja idadi ya kuuawa mwaka huu. Halafu wote wanakutana mahakamani.

Tukisoma habari hizo tunadhani ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Hebu ngoja kwanza. Kesi ya namna hiyo iliwahi kusikilizwa hapahapa Usukumani na Usumbwani, zamani za mkoloni, na hukumu yake ikatekelezwa kwa bunduki. Tofauti ni kwamba kizimbani hakusimama mbwa mwitu. Walisimama swala, ngiri, nyati, tandala na digidigi. Na nyuma yao, bila kutajwa sana, alisimama mtu wa Ushetu na jembe lake begani.

Nataka nisimulie kesi hiyo, kwa sababu bado haijafungwa.

NCHI ILIYOINGILIWA NA PORI

Mshitakiwa wa kwanza alikuwa mdudu. Mbung'o, ambaye wengi wetu tunamwita ndorobo, hunyonya damu. Akimuuma mnyama wa porini mwenye vimelea kisha akamuuma ng'ombe, ng'ombe anapata nagana, anakonda mpaka anakufa. Akimuuma mtu, mtu anaweza kupata malale. Mnyama wa porini mwenyewe mara nyingi haugui. Anatembea na vimelea mwilini kama mtu aliyebeba barua asiyoweza kuisoma.

Sasa, wazee wetu waliishi na mdudu huyu miaka mingi bila maabara. Walijua pori lipi halipitishwi ng'ombe. Walikaa pamoja, wakalima, wakafyeka, wakachoma, wakawinda, na mbung'o akabaki huko mbali kwenye vichaka vyake. Kisha ikaja miaka ya 1890. Sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe kwa wingi usioelezeka, na nyati na nyumbu wakafa nao. Njaa ikafuata, ndui ikafuata, vita vya Mjerumani vikafuata, na baadaye Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikachukua wanaume kuwa wapagazi. Mashamba yakaachwa. Palipoachwa shamba paliota kichaka, na kwenye kichaka akarudi mnyama wa porini, ambaye alizaliana haraka kuliko ng'ombe. Mbung'o akamfuata.

Haya si maneno ya kijiweni. John Ford, mtafiti wa mbung'o, aliyaeleza katika kitabu kikubwa cha mwaka 1971. Helge Kjekshus akayatilia mkazo mwaka 1977 katika utafiti wake juu ya historia ya Tanganyika. Wote wawili wanatuambia kwamba pori ambalo mkoloni alilikuta na kulidhania la tangu Adamu, sehemu kubwa yake lilikuwa pori jipya. Lilikuwa kaburi la vijiji.

Kumbuka jambo hilo, msomaji, maana kesi nzima inategemea hapo. Kama pori ni la asili, basi mnyama ni adui wa kale na lazima ashindwe. Lakini kama pori limeota juu ya nyumba za watu, swali linabadilika: nani aliwaondoa watu?

BWANA SWYNNERTON NA NJIA ZAKE TATU

Mwaka 1922 malale yaligunduliwa Maswa. Serikali ya Mwingereza ikashituka. Mtu aliyepewa kazi alikuwa Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, na baadaye, tangu 1929, mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga ya zamani. Mbung'o mmoja wa kaskazini mwa nchi yetu hadi leo kitaalamu anaitwa kwa jina lake, Glossina swynnertoni. Si kila mtu anapewa heshima ya kuitwa nzi!

Kabla ya kuja kwetu, Swynnerton alifanya uchunguzi kusini, mpakani mwa Rhodesia na Msumbiji, akaandika mwaka 1921 jinsi Mzila, mfalme wa Gaza katika karne ya 19, alivyomfukuza mbung'o. Mzila aliwakusanya watu wakae kwa wingi, wakafyeka, wakawinda, na nchi ikafaa kwa ng'ombe. Kumbe basi fundi wa kwanza hakuwa mzungu mwenye darubini. Elimu ilitoka kwa mfalme Mwafrika, ikapita kwenye daftari la Mwingereza, ikarudi kwa Msukuma kama amri ya serikali.

Njia zilikuwa tatu: kufyeka kichaka, kuchoma moto kwa mpango mwishoni mwa kiangazi, na kuua wanyama. Swynnerton mwenyewe, ambaye alipenda ndege na wanyama tangu ujana, alielekea zaidi kwenye shoka na moto kuliko bunduki. Miaka ya 1920 maelfu ya watu walitoka kufyeka chini ya watemi wao, na jina la Mtemi Makwaia wa Usiha linatajwa sana katika kazi hiyo. Ekari kwa ekari, vichaka vya Shinyanga vikaanguka. Swynnerton hakuuona mwisho wake. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na Burtt, mtaalamu wake wa mimea.

Upande wa Kahama, ambako Ushetu ya leo ilikuwamo (imekuwa halmashauri yake yenyewe tangu 2012, makao Nyamilangano), dawa ilikuwa nyingine. Kule hakukuwa na watu wa kutosha wa kufyeka miombo yote ile. Basi daktari wa malale, Maclean, akaja na mpango wa kuwakusanya watu. Familia zilizokaa mbalimbali porini, huku asali, huku uwindaji, huku shamba la mihogo, ziliamriwa kuhamia makazi ya pamoja, Ushirombo na kwingineko. Hoja ilikuwa kwamba watu wakikaa kwa wingi wataisafisha ardhi wenyewe na mbung'o atakosa pa kujificha.

Kitabibu ilisaidia. Lakini tazama upande wa pili. Kule walikotoka watu, pori lilijifunga. Mizimu ya ukoo ikabaki haina wa kuitambikia. Mizinga ikabaki juu ya miti. Na sehemu za namna hiyo, magharibi mwa nchi, baadaye zilichorwa kwenye ramani kama misitu na mapori ya akiba. Kijana wa leo anayekamatwa akikata mti huko anaambiwa ameingia kwenye nchi ya wanyama. Babu yake angecheka, au angelia.

BUNDUKI INAPEWA NAFASI

Hoja ya kuua wanyama haikuanzia Shinyanga. Robert Koch, yule daktari Mjerumani maarufu, alipochunguza malale visiwani Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907, alipendekeza mamba wauawe kwa sababu aliamini mbung'o wa ziwani anaishi kwa damu yao. Huko Rhodesia ya Kusini waliichukua hoja hiyo kwa moyo wote. Kati ya 1924 na 1945 wanyama zaidi ya laki tatu walipigwa risasi huko ili kumnyima mbung'o chakula. Laki tatu, bwana. Si mchezo.

Tanganyika ilisitasita. Walinzi wa wanyama walipinga, na wapenda uwindaji wa kizungu huko London wakapinga pia, ingawa hao wa mwisho walikuwa wanatetea nyara zao. Wafugaji wa kizungu na maofisa wa mifugo walisema kila swala anayekula majani ni benki ya ugonjwa. Mwishowe wakakubaliana kujaribu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940 eneo kubwa la pori la Shinyanga lilitengwa, wawindaji wakaingia, na kwa takriban miaka mitano wakawaua wanyama kwa maelfu, wakubwa na wadogo, mpaka digidigi na funo. Ripoti yake iliandikwa na W. H. Potts na C. H. N. Jackson mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Je, ilifaa? Hapa lazima tuwe wakweli, hata kama tunampenda swala. Ilifaa. Mbung'o walipungua mpaka aina zilizokuwa tishio kubwa hazikuonekana tena katika eneo hilo. Mtu aliyekuwa amepoteza ng'ombe wake wote, ambaye bila ng'ombe hana mahari, hana maziwa, hana samadi, hana hata neno la kusema mbele ya wakwe, huwezi kumlaumu akishangilia. Anayesema kuua mnyama ni dhambi siku zote, aje kwanza alale nyumba moja na mgonjwa wa malale anayesinzia mpaka kufa.

Lakini subiri. Baadaye kidogo sayansi iligundua namna ya kupima damu iliyomo tumboni mwa mbung'o ili kujua alimnyonya nani. Matokeo yalipokusanywa, miaka ya 1950 na kufikia 1963, mambo yakageuka. Mbung'o ana uchaguzi kama mlaji wa hotelini. Anampenda sana ngiri, na nguruwe pori, pongo, tandala, nyati. Swala pala, pundamilia na nyumbu, waliojaa kila mahali, anawagusa kwa nadra mno. Mbung'o wa Swynnerton ndiye hasa mwana wa ngiri. Ina maana kwamba wengi wa waliouawa kwenye kampeni hizi, Shinyanga, Rhodesia na kwingineko, walikufa kwa kosa la jirani.

Na la kushangaza zaidi lilitokea katika idara ileile ya utafiti. Mwaka 1944 mtafiti wake mmoja, F. L. Vanderplank, aliandika kwamba mbung'o wa aina mbili tofauti wakipandana, uzazi wao unaharibika. Akajaribu kuachia wa aina moja kwenye nchi ya wengine. Wazo lake halikupewa uzito. Nusu karne baadaye, huko Unguja, madume ya mbung'o yaliyohasiwa kwa mionzi yaliachiwa toka kwenye ndege, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Hakuna paa aliyepigwa risasi kwa ajili hiyo. Mbegu ya wazo kama hilo ilikuwapo kwetu Shinyanga, wakati bunduki zinapakwa mafuta.

MBWA MWITU WETU

Utaniuliza, na mbwa mwitu je? Naye alikuwa na zamu yake. Mbwa mwitu wa Afrika, yule mwenye madoa na masikio ya duara, hawindi kama simba. Anamkimbiza mnyama kundi zima mpaka anachoka, wanamrarua angali hai. Wahifadhi wa kizungu waliona ni ukatili. Simba anayenyonga akaitwa mfalme, mbwa mwitu akaitwa mharibifu. Basi ndani ya Serengeti yenyewe, hifadhi ya taifa tunayoisifia duniani, walinzi walikuwa wakiwapiga risasi mbwa mwitu, na desturi hiyo ilikoma mwaka 1973 tu. Hugo van Lawick na Jane Goodall walishaandika mwaka 1970 kuwatetea wawindaji hawa wanaochukiwa.

Risasi ziliacha, lakini mbwa mwitu walizidi kupungua. Walipata maradhi ya mbwa wa vijijini, kama kichaa cha mbwa, na fisi na simba wakawanyang'anya. Mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa Serengeti yakatoweka, na wanasayansi wakagombana wao kwa wao juu ya sababu. Mwaka 2012 serikali ilianza kuwarudisha, wakitolewa upande wa Loliondo walikokuwa wakigombana na wafugaji. Marekani nako ni hivyohivyo: mbwa mwitu wa mwisho wa hifadhi ya Yellowstone waliuawa mwaka 1926, na mwaka 1995 wengine wakaletwa kutoka Kanada kwa ndege na gharama kubwa. Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Analipia risasi, kisha mjukuu wake analipia nauli ya kumrudisha aliyepigwa.

KESI INAENDELEA

Turudi nyumbani. Kufyeka kule kwa Shinyanga kulishinda vita na kuacha nchi tupu. Mifugo ikaongezeka, pamba ikapanuka, vijiji vikakusanywa tena miaka ya 1970, na miti haikurudi. Mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na uzuri wake ni kwamba ulirudi kuwauliza wazee. Wazee wakasema: ngitili. Yaani sehemu ya malisho inayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Jambo la kale kabisa. Ngitili zikafufuliwa kwa maelfu ya hekta, kuni zikarudi, nyasi za kuezekea zikarudi, ndege wakarudi.

Na fisi naye akarudi.

Hapo ndipo tulipo leo. Fisi kwa Msukuma si mnyama tu. Inasemwa anafugwa na wachawi, anapandwa usiku kama baiskeli. Mwanzoni mwa 2025 mkoani Simiyu, baada ya fisi kushambulia watoto, ulifanyika msako na fisi zaidi ya kumi wakauawa. Mazungumzo mitaani hayakuwa juu ya idadi ya fisi wala mahali wanapolala. Yalikuwa juu ya fisi ni wa nani. Na sisi tunaotoka kanda hii tunajua swali hilo likiulizwa vibaya linaishia wapi. Linaishia kwenye mlango wa bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Vikongwe wangapi wamekatwa mapanga Shinyanga na Mwanza kwa tuhuma za aina hii? Mnyama akishindwa kupatikana, hutafutwa mtu wa kubeba hatia yake.

Mtoto aliyeliwa na fisi ni mtoto wa mtu. Fisi aliyezoea kijiji lazima aondolewe, na simsikilizi yeyote wa mjini anayesema vinginevyo huku amejifungia geti. Lakini historia yetu inatufundisha kuuliza kabla ya kufyatua.

Kwanza, ni mnyama yupi hasa? Shinyanga waliua jamii nzima, baadaye damu ikasema ni ngiri na wachache wenzake. Pili, kwa nini yupo hapa sasa? Kichaka kimeota wapi, mizoga inatupwa wapi, watoto wanachunga mbuzi na wakubwa wako wapi? Tatu, nani anaamua na nani analipa? Mkulima wa tumbaku wa Ushetu akipoteza shamba kwa tembo, kanuni za mwaka 2011 zinampa kifuta jasho. Jina lenyewe linakiri kwamba si fidia. Ni kitambaa cha kumpangusia jasho, kisha akalime tena.

Swali la tatu ndilo zito. Katika miaka yote niliyoieleza, mnyama na mwanakijiji waliandikwa kwenye faili moja. Mnyama apunguzwe, mtu ahamishwe. Wote wawili walihesabiwa, wote wawili hawakuulizwa. Na mara mbili dawa iliyofaa ilipotoka kwa watu wenyewe, ya Mzila na ya ngitili, ilibidi kwanza ipite mikononi mwa mradi ndipo iitwe elimu.

Hapa nina neno na ninyi wenzangu mnaoandika. Jackson alikuwa mtaalamu kweli. Pale Shinyanga miaka ya 1930 aliwatia mbung'o alama za rangi mgongoni, akawaachia, akawakamata tena, na kwa hesabu hiyo akakadiria wako wangapi porini. Nzi aliwekewa alama ili asisahaulike. Lakini vijana waliotembea juani na nyavu mkononi, wakiumwa na nzi hao ili wawakamate, majina yao hayako kwenye vichwa vya makala. Wala ya wapagazi wa nyama, wala ya wafyekaji wa Usiha, wala ya mama aliyefungua mzigo wake kwenye makazi mapya ya Ushirombo akakuta chungu kimepasuka njiani.

Kizazi chao kimekwisha, lakini watoto wao bado wapo Ulowa, Ushirombo, Shinyanga ya zamani, na wengine wako mjini kwa wajukuu, wanakaa kibarazani hakuna anayewauliza kitu. Tunatafuta visa vya kuandika, tunaiga sinema, tunaandika mapenzi ya watu wa Manzese ambao hatujawahi kuwaona. Chukua daftari. Muulize mzee baba yake alihamishwa kutoka wapi, na pale alipotoka sasa kuna nini.